Wageni Wanaojulikana kwa Mgongo

“...ni Mwizi wa Mashuka! Mwizi huyo, mwizi, mwizi! Hata usimgeuze, mimi nimeshamjua kwa mgongo!”

Aliyekuwa akipiga kelele ni Fundi Simu, kasimama wima sebuleni kwa watu Jumapili mchana, kidole kimenyooka kama anaonyesha nyoka. Na kilichokuwa mbele ya kidole chake ni kadi moja tu, ndogo kama kiganja cha mtoto, imelala kifudifudi mezani. Mkunga akaigeuza. Lo! Mwizi wa Mashuka kweli, na furushi lake begani, anacheka.

“Umechungulia,” Mkunga akasema.

“Haki ya Mungu sijachungulia! Tazama migongo yenyewe. Hii iliyoandikwa ‘furaha kubwa’ ni Mwizi. Ile yenye nusu ya ua ni Bibi Mkoromaji. Ile ya ‘bila kukosa’ ni Mpishi. Kwani nyie hamsomi? Mimi nimeshazikariri karibu zote!”

Hapo yeye na Mkunga wakakumbuka jambo moja kwa wakati mmoja, wakatamani kulisahau tena. Fundi Simu akashusha kidole polepole, akakitia mfukoni kabisa. Maana wote walijua migongo ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye kadi za harusi, na bibi harusi mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo kati yao, anapanga maharage yake mstari mmoja ulionyooka.

“Sawa tu,” akasema. “Tuendelee.”

Sasa hapo ndipo ujue kwa nini walimwita Sawatu. Jina lake la kweli lilikuwemo mle kwenye kadi, vipande vipande, lakini marafiki walimbatiza hivyo tangu chuo. Mwulize utakula nini: sawa tu. Mwulize tuangalie filamu gani: sawa tu. Alipoletewa posa na kijana mmoja mpole mwenye viatu vinavyong’aa, na shangazi yake aliyemlea akamkalisha kitandani akamwuliza, “Mwanangu, unamtaka?”, alijibu nini? Wewe mwenyewe unajua alichojibu. Rangi ya magauni, sawa tu. Ukumbi, sawa tu. Na Bwana Harusi alipomtuma dada yake aje kusema kwamba kaka anaomba kwanza apumue, shughuli isimame kidogo, Shangazi alipiga makofi akauliza, “Apumue? Kwani siku zote alikuwa akipumulia wapi?” Sawatu yeye akasema sawa tu, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Kazini kwake ni duka la kuchapisha. Si unayajua maduka yale, yananukia wino na karatasi ya moto, mteja anaingia mbio na flashi mkononi, ni ya haraka dada, ni ya haraka, na flashi ikifunguliwa haina kitu. Kadi za harusi yake alizichapa mwenyewe, kwenye karatasi ngumu rangi ya maziwa, nne nne kila karatasi. Zilikuwa zinasubiri kisu tu pale habari za kupumua zilipofika. Bosi wake, mzee mwenye huruma nyingi na asiyejua pa kuiweka, akazifunga kwenye boksi. “Nenda nazo nyumbani, binti yangu. Mimi siwezi kuzitazama.” Sawatu akazisukuma uvunguni mwa kitanda. Yeye aliweza kuzitazama vizuri tu. Hiyo ndiyo iliyowatisha watu.

Hakulia, jamani. Watu walikuja wamejiandaa, wakarudi na leso zao kavu. Wewe umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukadhani umegusa wa jirani? Basi yeye alikuwa hivyo utosi mpaka kidole. Anakula hasikii chumvi. Anaoga hajui maji ni ya moto au baridi mpaka aone mvuke. Na mtaa mzima ukatikisa kichwa: maskini, kavunjwa moyo huyo.

Ni Mkunga aliyeleta dawa. Huyu ni rafiki yake wa tangu utotoni, siku hizi anazalisha wodini, mwanamke wa maneno mengi na usingizi kidogo. Katika kukesha kwake zamu akagundua kwamba huko mtandaoni wako watu wanaobuni michezo ya mezani na kuigawa bure. Unachapisha, unakata, unacheza na wenzako, kisha unawaandikia wenyewe kuwaambia kanuni zao zinavuja wapi. Bure kabisa! Mkunga aliposikia bure alizaliwa upya. Rafiki yake ana mashine, yeye ana simu, wanangoja nini? Akamburuta na Fundi Simu, jirani wa mlango wa pili, kwa kuwa michezo mingi inadai watu watatu, na kwa kuwa Fundi ni mwizi wa mchezo tangu zamani.

“Mwizi ndiye mlinzi mzuri,” Mkunga alisema.

“Asante, dada yangu,” Fundi akajibu. “Nitaliandika dukani kwangu.”

Wakajaribu mchezo wa nyuki, malkia akafa zamu ya kwanza na hakuna kanuni iliyosema kinachofuata. Wakajaribu wa reli, siku nzima ya kukata na kubandika, kuucheza ni muda wa kuchemsha yai. Kila mara Sawatu alichapisha, akakata kwa ufundi wake, akaketi, akasogeza alichoambiwa asogeze. Hakukasirika kushindwa. Mara moja alishinda, ikabidi wamwambie.

Safari hii ilikuwa zamu ya Nyumba ya Wageni, na kumbe mchezo mtamu! Kila mmoja ana nyumba yake yenye vitanda vinne. Mgeni anabisha hodi: yaani kadi moja kutoka kwenye rundo, kifudifudi. Jirani wa kulia anaichungulia peke yake, kisha anamnadi mgeni huyo, kwa kweli au kwa uongo, hiari yake. Mwenye nyumba anasikiliza, anajibu “Karibu” au “Hakuna nafasi”. Ndipo mgeni anageuzwa uso. Mgeni mwema analeta nyota, na nyota zao zilikuwa maharage. Mgeni mbaya anayala. Ukimkataa, anakwenda kubisha kwa anayefuata, na huyo hana ruhusa ya kumkataa tena.

Mchezo huo ulitaka karatasi ngumu. Bosi anaruhusu mashine baada ya kazi, karatasi ngumu yake haruhusu. Sawatu akavuta boksi kutoka uvunguni. Upande wa pili ulikuwa mweupe pee.

“Shoga,” Mkunga alimwuliza kwenye simu, “una hakika?”

“Karatasi ni karatasi.”

Na hapo ndipo mchapishaji mzima, mwenye cheti chake ukutani, alipofanya kosa ambalo hata mteja wa flashi tupu asingefanya. Mchezo wa kuficha kadi, migongo lazima ifanane! Yake kila mmoja ulikuwa na lake: herufi tatu, nusu ya pete, kipande cha tarehe, ua lililokatwa shingo. Hakuona. Alikata zote hivyo hivyo, mbele kwa rula, nyuma hageuzi. Hata kisu kilipompitia kidole cha shahada hakusikia. Aliona tu doa jekundu kwenye kadi ya Daktari wa Meno, akaanza kutafuta limetoka wapi.

Basi tumerudi Jumapili. Na Jumapili hiyo haikuwa ya mchezo tu. Chumba cha ndani alikaa Shangazi, kavaa tayari, mkoba mapajani, viatu miguuni, kwa sababu Bwana Harusi alikuwa amemaliza kupumua. Ametuma salamu. Anaomba radhi, anataka tarehe ipangwe upya, na watu wa kwao wanangoja jibu jioni hiyo hiyo. Shangazi ndiye wa kulipeleka. Asubuhi alikuwa amemshika Sawatu mabega.

“Mimi si mtoto, najua namna yako. Leo sitaki unipe ile sawa tu yako. Nataka ndiyo au hapana. Ukiniambia sawa tu, mimi naihesabu ni ndiyo, nakwenda kupanga tarehe, na hutanilaumu.”

“Sawa t...”

“Ah!” Shangazi akamziba mdomo kwa kiganja. “Bado sijauliza. Nitauliza nikiwa mlangoni natoka.”

Kwa hiyo wale wawili walipokuja na maharage yao, walijua. Mkunga alikuwa na maneno ya kumwambia rafiki yake, ameyapanga njia nzima. Alipofika akamkuta anasawazisha kingo za kadi kwa ukucha, uso mtulivu kama sahani, maneno yakamwisha. Akasema tu, “Nani anaanza?”

Sasa Fundi ameshayaharibu. Migongo imejulikana.

“Tunaendeleaje na kadi zinazosema?” Mkunga akauliza. “Mchezo wa uongo huu, uongo wenyewe haufichiki!”

“Anayechungulia aufunike mgongo kwa kiganja,” Fundi akapendekeza. “Kama mtu anayeficha jibu la mtihani.”

“Wewe uliwahi kuficha jibu?”

“Sikuwahi kuwa nalo.”

Wakacheka, wakamrudisha Mwizi kwenye rundo, wakaendelea. Mambo yakachangamka tena. Mkunga akamnadi Bibi Mkoromaji kuwa ni mtawa asiye na sauti, Fundi akajaa, akampokea, akapoteza maharage mawili. Fundi naye akamsifu Mwizi kwa Sawatu mpaka jasho likamtoka, ni mwalimu mstaafu, ni mpenda usafi, anatandika mwenyewe. Sawatu akamtazama.

“Karibu,” akasema.

“Ha! Umeliwa!”

“Sawa tu.”

Nyumba yake ilikuwa hivyo mchana kutwa. Kila aliyebisha aliingia. Alikuwa na Mwizi, alikuwa na Mcheza Ngoma wa Alfajiri, alikuwa na mtu mwenye mbuzi. Kimebaki kitanda kimoja.

“Shoga, unajua unaruhusiwa kukataa?” Mkunga akamwambia, taratibu, kama anamwambia mtu kuna baridi, jifunike.

“Najua. Nimezichapisha mimi kanuni.”

“Ila ukikataa utoe sababu,” Fundi akadakia. “Haiwezekani mimi nimnadi mgeni mpaka koo linikauke, wewe useme hakuna, basi, kimya. Hiyo ni dharau.”

“Wapi imeandikwa sababu?”

“Haijaandikwa, ndiyo maana nasema zinavuja! Waandikie hao watu wako. Waulize.”

Mkunga akazipekua zile karatasi za kanuni, mbele na nyuma. “Inasema hivi: ‘Mwenye nyumba anaweza kumkataa mgeni.’ Nukta. Hakuna la sababu.”

“Wamesahau.”

“Au hawajasahau.”

Wako katika kubishana, Shangazi akatoka chumbani kutafuta maji ya kunywa. Fundi akaruka kitini. “Shikamoo, Shangazi!”

“Marahaba, kelele zako nimezisikia mpaka kwenye mto.” Akainama mezani, akaokota kadi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake. “‘Mnaombwa kufika mapema.’ Hizi si... Mmezikata?”

“Nimezikata mimi,” Sawatu akasema.

“Zote?”

“Za mchezo tu.”

Shangazi akairudisha kadi taratibu. Hakujua kama alie au acheke, na kwa kuwa ni mtu wa methali akashika methali. “Haya. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ameondoka, amerudi. Wengine hawarudi kabisa, mwanangu.”

“Ngamani siku hizi watu wameshapangisha, Shangazi,” Fundi akasema.

“Wewe tengeneza simu.”

Akanywa maji yake amesimama. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia dirishani kwa ubavu, likafika mezani, likamulika migongo yote ya kadi kwa mpigo. Shangazi akaliona jua, akaitazama saa ya ukutani, akaenda kuuchukua mkoba.

Ikawa zamu ya Sawatu, na jirani wake wa kulia ni Fundi. Fundi akavuta mgeni wa juu, akachungulia, na uso wake ukamsaliti papo hapo. Alikuwa Tajiri wa Vito. Huyo ndiye mgeni mkubwa kuliko wote, maharage matano! Kila mmoja alikuwa akimngoja tangu mwanzo. Na nyumba ya Fundi ndiyo inayofuata baada ya Sawatu. Angemsingizia lolote, angemwita jambazi, angemfanya mgonjwa wa upele. Lakini walikuwa wameshamhurumia dada wa watu mchana kutwa, na huruma humfanya hata mwizi aseme kweli.

“Dada yangu,” akasema, “safari hii sikudanganyi. Huyu ni mgeni mzuri. Mpole. Mali anayo. Tena ona viatu vyake vinavyong’...”

Mkunga akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno limeshatoka. Na katika kustuka, Fundi akasahau kuziba kwa kiganja. Kadi ikabaki mezani mgongo juu.

Mgongoni palikuwa na jina la Bwana Harusi. Nusu ya jina, herufi nne za mwisho zimekatwa na kisu cha Sawatu mwenyewe. Wote watatu walilijua jina lile.

Sawatu akalitazama. Alikuwa anangoja kitu kimpate, kama vile wote walivyokuwa wanangoja tangu siku ya kupumua. Hakikumpata. Alichoona ni kwamba mkia wa herufi ya kwanza umekaa vizuri, na wino haukuvuja. Akakumbuka kwamba hata siku ile, kadi zilipotoka mashineni bado zina joto, kabla dada wa mtu hajaja na habari yoyote, alizisoma hivi hivi. Alisoma jina lake na la yule kijana, akatafuta makosa ya herufi, hakuna makosa, akasema sawa tu, akaweka karatasi nyingine. Ganzi ilikuwepo. Haikuletwa na mtu kuondoka. Kuondoka huko kulimkuta yeye ameshakaa nayo.

“Hakuna nafasi,” akasema.

Hata yeye alishangaa sauti ilikotoka.

“Nini?” Fundi akasimama. “Huyu? Tajiri wa Vito? Si nimekwambia nasema kweli!”

“Najua unasema kweli.”

“Na nafasi unayo! Kitanda kile pale kitupu, mimi nakiona!”

“Kitanda kipo,” Sawatu akasema. “Nafasi hakuna.”

“Sababu! Mkunga, mwambie atoe sababu, hii sasa...”

“Kaa chini,” Mkunga akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ya kuwaambia waume wasubiri nje. “Nimekusomea. Anaweza kumkataa mgeni. Nukta.”

Fundi akakaa. Tajiri wa Vito akaenda kubisha kwake, na kwa mchezo ulivyo hakuweza kumkataa, akampokea kwa aibu, maharage matano, akashinda. Ushindi wa kwanza aliowahi kuupata bila kupiga yowe. Hakuyahesabu hata, aliyasukuma tu pembeni.

Sawatu alikuwa anakitazama kidole chake cha shahada. Pale kisu kilipopita palikuwa panauma. Kidogo tu, kama chungu kauma akaachia. Akapabonyeza kwa dole gumba kuhakikisha. Pakauma zaidi. Sehemu nyingine zote zilikuwa bado kimya vilevile.

“Mwanangu.” Shangazi alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, mkono kwenye komeo. “Natoka. Nasikiliza.”

Mkunga akaanza kukusanya kadi, kadi ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Fundi akageukia dirishani kama kuna kitu nje.

Sawatu akainuka. Hakukuwa na lolote la kusimulia watu. Alikwenda mpaka mlangoni akasimama mbele ya mwanamke aliyemlea, akafungua mdomo, na ile “sa” ilikuwa imeshakaa ulimini, kwa mazoea tu. Akabonyeza kidole.

“Hapana, Shangazi.”

“Hapana nini? Hapana usiende, au hapana wewe hutaki?”

“Nenda. Kawaambie mimi sitaki.”

Shangazi akamtazama mara moja, mara mbili. “Sababu ya kuondoka kwake?”

“Hapana.”

“Ana mtu? Wewe una mtu?”

“Hakuna mtu.”

“Basi nitawaambia nini watu wazima wale, mwanangu? Nimekaa mbele yao nashika kikombe cha chai, wananiuliza sababu, mimi nasema nini?”

“Waambie nimesema hapana. Kanuni haidai zaidi,” Sawatu akasema, na kule dirishani Fundi akakohoa.

“Kanuni gani tena?” Lakini mkono wa Shangazi ulikuwa umeachia komeo, umemshika yeye kiwiko. Hakumshika hivyo asubuhi. “Mimi siyo wao. Mimi nimekufunga nepi. Mimi niambie.”

Sawatu akafikiri. Ilimchukua muda, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba asichokijua.

“Siku kadi zilipotoka mashineni,” akasema, “nilizisoma zote, Shangazi. Nikaona hazina makosa.”

“Ehe?”

“Basi. Hicho ndicho nilichoona.”

Shangazi akangoja. Kulikuwa na mengine, ilionekana, lakini yalikuwa mbali na yalikuwa yanakuja kwa miguu.

“Na yaliyobaki?”

“Wewe kapeleke jibu kwanza, kabla hakujawa giza,” Sawatu akasema, akamfungulia mlango. “Yaliyobaki nitakwambia kesho.”